Sketi Ndefu Kuliko Zote

Buhongwa, Mwanza

Kabula mwanangu,

Barua za kwetu huanza kwa kuuliza hali. Hali yako naijua. Uko chumba cha pili unakunja nguo, unazikunjua, unazikunja tena, na mama yako amekaa kitandani amempakata Minza, anakuelekeza mambo ya safari: begi usiliachie kwenye treni, chakula cha mtu usiyemjua usipokee, ukifika kwa shangazi yako piga magoti umsalimie hata kama amekuwa mtu wa Dar. Hayo ameyamaliza yeye, mimi sina la kuongeza. Nimetoka na kiti, nimeegemea ukuta wa upande wa magharibi ambako mwanga bado upo, maana giza likiingia macho yangu hayashiki mstari. Utaisoma ukiwa njiani. Ukiisoma hapa tutalia wote na mtoto ataogopa.

Nataka kukusimulia juu ya nguo. Utasema baba naye, hajui kingine. Ni kweli. Tangu ujana wangu nimekaa kwenye baraza moja mjini, mguu kwenye cherehani, na watoto wa ile sekondari ya mlimani wameshuka na kupita mbele yangu, kundi baada ya kundi. Wengine sasa ni wazee wenye vitambi. Nawasahau majina, lakini suruali zao nazikumbuka.

Nilipomaliza darasa la saba jina langu halikutoka. Siku zile shule nzima ilitoa mtoto mmoja au wawili wa kwenda sekondari, na babu yako kule Bujora hakushangaa wala hakunigombeza. Alinipeleka mjini kwa Mzee Sefu, yule fundi wa asili ya Ujiji uliyemwona ukiwa mdogo, akamwambia, "Huyu ana mikono mizuri, sina kingine cha kumsifia." Nikaanza kwa kufagia vipande, kutia mkaa kwenye pasi, kushona vifungo.

Ilikuwa miaka ya sabini. Kabla yake suruali za kubana ndizo zilizokuwa za mjini, na vijana wa chama walisimama njiani na chupa ya soda. Wanaipitisha ndani ya mguu wa suruali yako. Ikikwama, wanaichana suruali ukiwa ndani yake. Basi wanafunzi wakahamia upande wa pili. Zikaja bugaluu, suruali zinazopanuka kuanzia gotini. Chupa ikapita, hata ndoo ingepita. Nazo zikapigwa marufuku.

Kulikuwa na kijana wa kidato cha tatu anaitwa Luka, mrefu, nywele amezifuga mpaka zimekuwa kama kichaka, kitana kimechomekwa humo humo. Alikuja Jumamosi moja na suruali yake ya khaki ya shule.

"Fundi mdogo," akaniambia, "nifungulie kuanzia gotini uniwekee pembe ya kitambaa, mguu upanuke. Lakini mwalimu asijue."

"Asijueje, na pembe ni kubwa hivi?"

"Wewe ndiye fundi."

Nikafikiri siku mbili. Nikaweka pembe ya kitambaa kile kile, halafu kwa ndani nikashona vifungo vya kubana. Shuleni anafunga, suruali nyembamba kama ya mtumishi wa Mungu. Akifika mjini anafungua, inapepea. Mzee Sefu aliiona akacheka mpaka akakohoa. Kwa muda wote uliobaki wa muhula ule nilishona pembe za vifungo kwa nusu ya wavulana wa shule ile, na walinisalimia njiani kwa jina langu, "Masalu! Masalu!" Sijawahi kuwa mtu kama nilivyokuwa muhula ule.

Nami nikajishonea yangu. Nikaomba viatu vya raizoni kwa jirani, vile vyenye soli ndefu kama tofali, nikapanda mlima kwenda shuleni, si kwa shughuli yoyote, kuona tu. Mlinzi wa getini akanitazama akasema, "Wewe mwanafunzi, wahi, kengele imeshalia." Nikasimama pale. Moyo ulikuwa unaniambia ingia. Ningeingia ningekaa wapi? Nikamwambia nimesahau daftari mjini, nikageuka, nikashuka na raizoni zangu nikijikwaa kwenye mawe.

Kutoka siku ile nikaamini jambo ambalo limenigharimu, na sasa limekugharimu wewe. Niliamini kwamba tofauti yangu na wale ilikuwa nguo. Nikaapa kwamba mtoto wangu atavaa nguo ya shule ile, ataivaa vizuri kuliko wote, na akishaivaa hakuna baya litakalompata. Mtu mzima mwenye akili zake anaweza kuishi na wazo la kitoto ndani ya kifua miaka mingi, mama, na asijue liko humo.

Miaka ya themanini ilipoingia, nguo zilikwisha. Wewe ulizaliwa humo kwenye dhiki, huikumbuki. Madukani palikuwa na rafu tupu. Uzi tuliufumua kwenye magunia. Wanafunzi wa mlimani walivaa katambuga za matairi, na suruali zikichakaa makalioni waliniletea niweke viraka viwili vya duara, wakaviita miwani. "Fundi, naomba miwani." Kazi yangu kubwa ilikuwa kugeuza kola: unaifumua kola iliyolika, unaigeuza upande wa ndani uje nje, shati linapata mwaka mwingine. Niliwahi kushonea wasichana wanne sketi kutoka kwenye pazia moja la misheni.

Na hata hapo, Kabula, mtindo haukufa. Hilo ndilo lililonishangaza. Alikuja mvulana mmoja mwembamba, njaa imemtoboa mashavu, akaniambia miwani yake asishonewe kwa uzi wa khaki, ashonewe kwa uzi mwekundu, mishono miwili miwili ionekane kwa mbali. Baada ya wiki wote wakataka nyekundu. Nyekundu sikuwa nayo, nikafumua fulana yangu. Mtoto wa miaka kumi na saba hata ukimvika gunia atatafuta namna ya kulifunga ili litofautiane na gunia la mwenzake. Hakuna ubaya wowote humo. Nasema hivi kwa sababu baadaye utakutana na watu watakaokuambia upo.

Halafu ruksa. Milango ikafunguliwa na mitumba ikaingia. Mwanzo watu waliziita kafa Ulaya, wakisema ni nguo za maiti, wakizifua kwa maji ya moto na ndimu. Muda si muda kila mtu akawa anazivaa. Pale sokoni walikuwa wakikata mikanda ya robota asubuhi, na vijana wanavamia kama kuku. Wavulana wa mlimani wakaanza kuvaa mabwanga, suruali pana kuanzia kiunoni mpaka chini, na raba kubwa, na fulana zenye maandishi ambayo wenyewe hawakujua yanasema nini. Vitambaa vyetu vya hapa vilitoweka madukani kimya kimya. Mafundi wenzangu wa baraza wakaondoka mmoja mmoja. Mwingine anauza mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki kiwandani, mwingine alirudi kijijini kulima pamba ambayo hakuna anayejua itanunuliwa na nani. Mzee Sefu alifariki. Nikabaki peke yangu, na kazi ikawa kupunguza: kupunguza suruali za wazungu wanene ziwatoshe watoto wembamba, na kubana sketi za shule. Wasichana walizitaka zibane nyongani, zipande juu ya goti, na sweta lifungwe kiunoni.

Ndipo jina lako lilipotoka.

Unakumbuka nilivyoimba njiani. Mama yako alisema nimerukwa na akili. Nilinunua kitambaa kipya, si mtumba, nikakaa nacho kama mtu aliyepewa maiti kuosha, kwa adabu. Sketi yako niliitia marinda yaliyolala sawasawa, pindo pana, urefu nusu ya muundi. Siku uliyoripoti ilikuwa sketi ndefu kuliko zote shuleni. Wenzako walikucheka, walikuita sista. Ulikuja nayo nyumbani mwisho wa juma.

"Baba, naomba uipunguze kidogo. Hadi hapa tu."

"Hapana."

"Mbona za wenzangu unazibana? Nawaona wanakuja kwako."

"Hao si wangu," nikasema.

Ukaivaa ilivyo. Hukuniomba tena. Watoto wa wenzangu nilikuwa nawapa walichotaka, wangu nikamfungia ndani ya kitambaa nikadhani nimejenga ukuta. Kama ningekupunguzia vidole vitatu tu usingepungukiwa na kitu, na labda ungenizoea, ungejua baba ni mtu wa kuombwa jambo akalisikia. Hili nalirudia sana kichwani nikiwa kazini. Halina dawa.

Ulikuwa unaniletea chakula pale barazani siku za likizo. Deo alikuwa anakuja na mabwanga yake nimpunguzie kiuno. Kijana mwenye heshima, "Shikamoo fundi," anakaa kwenye benchi anasubiri, anakusaidia kubeba sufuria mpaka stendi. Nilimpenda. Nilikuwa najisemea, huyu wa kidato cha nne anamfundisha mwanangu hesabu. Mengine sikuyaona, na sitasema ningeyaona kama ningeangalia. Mlikuwa watoto wawili.

Kisha siku ile. Wewe kidato cha tatu, Jumamosi, mvua imetoka kunyesha na barazani hapakuwa na mteja. Ulisimama karibu na cherehani, sketi ukiwa umeikunja mkononi, umevaa kanga.

"Baba, naomba uniachie kidogo kiunoni."

Kila msichana aliyekuja kwangu tangu mitumba iingie alisema nibane. Hakuna aliyewahi kusema niachie. Nikaipokea. Nikachukua kiwembe nikafumua mshono wa kiuno taratibu, nikatoa akiba ya kitambaa niliyokuwa nimeiweka ndani, nikashona. Sikukutazama usoni. Nikakupa, ukasema asante baba, ukaenda.

Nilijua. Nilijua kabla uzi haujakatika.

Ulirudi tena kabla muhula haujaisha. Akiba ilikuwa imekwisha, nikaweka kipande pembeni. Safari hii nikajikaza.

"Mama yako anajua?"

"Bado."

"Utamwambia lini?"

"Sijui, baba. Naogopa."

"Nami naogopa," nikasema. Hayo ndiyo maneno yote tuliyosema, wewe na mimi, juu ya jambo lile. Ukienda huko, ukiwa na jambo, liseme mapema kwa mtu yeyote, hata mtu baki. Mimi na wewe tuliongea kwa sindano, na sindano haina mdomo.

Nesi alipowapima wasichana, ulirudishwa siku ile ile na godoro lako kichwani. Mama yako hakukupiga. Alikaa chini mlangoni, akavua kilemba. Kesho yake nikavaa koti nikapanda ule mlima.

Mkuu wa shule, kama unavyojua, ni Luka. Yule yule. Nywele zimekwisha, kichwa kinang'aa, amevaa suti ya Kaunda iliyopigwa pasi vizuri. Alinyanyuka akanipa mkono.

"Karibu, Masalu. Siku nyingi."

Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya binti yangu. Akaketi.

"Masalu, sheria hii sikuitunga mimi."

"Najua."

"Nikimwacha wako abaki, mwakani nitaambiwa nimegeuza shule wodi ya wazazi."

"Akijifungua je, akirudi?"

"Hakuna kurudi. Unajua."

"Na mvulana?"

Alitazama dirishani. "Mvulana ameshamaliza kidato cha nne. Hayuko mikononi mwangu."

Nilitaka kumwambia, Luka, nilikufichia pembe ndani ya suruali muhula mzima. Maneno yalifika kooni yakaona haya. Aliponisindikiza mlangoni akauliza, "Bado uko pale kwa Mzee Sefu?" Nikasema Mzee amefariki, baraza lipo. Akasema, "Nitakutumia suruali, imenizidi kiuno." Na kweli aliituma, kwa mlinzi. Nikaipunguza. Ningefanya nini, Kabula? Ilikuwa kazi.

Wiki ile, binti wa jirani yetu alituambia alichosema Luka kwenye paredi: kwamba mitumba na sketi za kubana ndivyo vinavyowaharibu wasichana, na kwamba mfano wameuona. Mtaani nako wakasema hivyo hivyo. Mtoto wa fundi, mitindo imemponza. Wewe! Mwenye sketi ndefu kuliko zote! Nilitaka niitundike pale barabarani kila mtu aipime kwa futi. Mama yako akaniambia, "Ukiitundika watasema ulimfichia tumbo." Nikaiacha.

Kwa baba yake Deo nilikwenda na mjomba wako. Ni mtu wa bandarini, nyumba nzuri, ina zulia. Zulia nililiona kwa sababu mlango ulikuwa wazi, ndani hatukukaribishwa. Alisema, "Mwanangu yuko Tabora, anasoma kidato cha tano. Mimi simtoi shuleni kwa maneno ya watu." Mjomba wako akasema si maneno ya watu, ni mtoto anakuja. Akasema, "Basi akija atakuwa wenu." Tukashuka. Mjomba alikuwa analia kwa hasira, mimi nilikuwa natazama njia. Jambo moja kwenye maneno ya baba yake Deo lilikuwa la kweli. Minza alikuja, na ni wetu.

Mwezi uliopita uliniuliza juu ya hizi shule mpya za watu binafsi, kwamba kuna moja upande wa Usagara inapokea wasichana waliojifungua. Nikasema tutaona. Leo nakuomba usiingojee tena hiyo tutaona yangu. Hutarudi shule, mwanangu. Nimegeuza jambo hili kama kola, upande huu na upande ule, kote kumelika. Baraza lenyewe mwenye nyumba analitaka aweke duka la raba, na macho yangu unayajua. Ningekuwa nakuongopea ningekuambia nenda, baada ya mwaka mambo yatakuwa mazuri. Shangazi yako ana meza ya mitumba, utasimama pale, utauza, jioni miguu itauma. Hayo ndiyo ninayoyaona. Zaidi ya hapo sioni.

Utawaona watoto wa sekondari za huko wakija mezani kwako kuchagua. Watakuwa wa umri wako au wadogo kidogo, watacheka, watabishania suruali. Itakuuma. Iliniuma mimi miaka yote ile kwenye baraza na sikumwambia mtu. Usiwachukie. Nimewashonea bugaluu, miwani, mabwanga, na ndani ya zote alikuwa mtoto yule yule anayeogopa kuchekwa. Wewe pia ulikuwa huyo, ndani ya sketi yangu. Nguo haikukuponza na wala haikukulinda. Nilitakiwa kukulinda mimi, na nilikuwa nimeinama nashona.

Mwanga unakwisha. Minza ameacha kulia, nadhani umempokea. Jambo la mwisho ni juu yake, na mama yako hawezi kulisema, ameniachia mimi.

Tangu ulipomwachisha ziwa, analala na mama yako. Juzi ulikuwa umekwenda kisimani; alimtazama mama yako akamwita mama. Mama yako akanitazama. Minza akarudia. Safari ya pili mama yako akaitika. Hatukutaka kukuambia. Ila ni bora uyajue haya ukiwa mbali kidogo kuliko uyakute mlangoni siku utakayorudi. Hatutamrekebisha. Mtoto lazima awe na mtu wa kumwita hivyo kila siku, anayeitika.

Atakua anajua una jina, na jina ni Kabula. Ukija, ukamkuta anakuita dada, itikia.

Baba yako,
Masalu